Mgahawa wa michango katika mji uliodorora: mji wenyewe unabaki na nini?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la wenyeji wa Pangani tuishio nje ya mji wetu, uliletwa mpango wa kuchangishana fedha ili ujengwe mgahawa wa kisasa karibu na mto, kwa hoja kwamba mgahawa utawavuta wageni, wageni wataleta biashara, na biashara itauinua mji. Sina shaka na nia ya walioleta wazo hili. Baadhi yao nimesoma nao, na ningewakabidhi ufunguo wa nyumba yangu bila kuwaza mara mbili. Hata hivyo niliomba nipewe muda kabla sijaahidi kiasi chochote, na nimeona ni haki nieleze sababu zangu hapa kwa kirefu, kwa kuwa mji uliodorora si Pangani peke yake.

Kati ya 2015 na 2018 niliishi Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mchana nikiwa mwanafunzi na usiku nikiosha vyombo jikoni. Mashariki ya jiji hilo, ukingoni mwa mto Monongahela, kuna mji mdogo uitwao Braddock. Hapo ndipo Andrew Carnegie alipofungua kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson mwaka 1875, na hapo ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1889, maktaba yake ya kwanza katika ardhi ya Marekani. Sensa ya 1920 ilihesabu wakazi zaidi ya 20,000. Sensa ya 2010 ilihesabu 2,159. Kiwanda hicho bado kinafanya kazi, lakini kwa watu wachache kuliko zamani, na viwanda vingine vingi vya bonde lile vilifungwa katika miaka ya 1970 na 1980. Wenye uwezo walihama. Waliobaki, ambao wengi wao ni Wamarekani weusi, walibaki na nyumba zisizopata mnunuzi. Kisha, Januari 2010, hospitali ya mji ikafungwa, na pamoja nayo zikaondoka ajira, wodi, na hata kantini yake, ambayo ilikuwa miongoni mwa sehemu chache mno ambapo mtu angeweza kukaa na kula chakula cha moto.

Katika hali hiyo ndipo mpishi Kevin Sousa, aliyekuwa na sifa kubwa Pittsburgh, alipokubaliana na meya wa Braddock wa wakati huo, John Fetterman, ambaye leo ni seneta, kwamba ghorofa ya chini ya jengo lililowahi kuwa duka la magari, mkabala na kiwanda, igeuzwe mgahawa. Uliitwa Superior Motors. Jengo lilikuwa la Fetterman na familia yake iliishi juu yake. Fedha ziliombwa kwa umma kupitia jukwaa la Kickstarter: lengo lilikuwa dola 250,000, na kampeni ilipofungwa Januari 2014 zilikuwa zimepatikana dola 310,225 kutoka kwa watu 2,026. Linganisheni idadi hiyo na ya sensa: karibu kila mkazi wa Braddock alipata mtu mmoja, mahali fulani duniani, aliyetoa wastani wa dola 153 kwa ajili ya mji wake. Mashirika ya hisani nayo yakaongeza. Ahadi zilikuwa nzuri: mafunzo ya upishi kwa wakazi, ajira kwa wakazi, mboga kutoka shamba la mjini na kutoka kitalu cha juu ya paa, na punguzo kwa wenyeji.

Mgahawa ulifunguliwa Julai 2017, miaka mitatu na nusu baada ya michango. Mwaka 2018 jarida la Time liliuweka katika orodha yake ya mahali bora zaidi duniani. Machi 2020 korona ikafunga migahawa yote ya eneo lile, na mwaka 2021 ikajulikana kwamba Superior Motors hautarudi. Hesabuni pamoja nami: kusubiri kulichukua miezi arobaini na miwili, na meza zilikaliwa na walaji, kabla ya ugonjwa, kwa miezi thelathini na miwili.

Nilifika huko mara moja, mwishoni mwa 2017, kwa basi la 61B. Nilishuka mapema kuliko nilivyopaswa, nikatembea Braddock Avenue kati ya majengo ya matofali ambayo madirisha yake yamefunikwa kwa mbao, na hewa ikinuka kama kiberiti kilichowashwa muda huo huo. Kituoni, mbele ya mgahawa, akina mama wawili wa makamo walikuwa wakisubiri basi na mifuko ya sokoni, kwa sababu mji ule haukuwa na duka kubwa la vyakula. Mmoja wao alisogea kwenye kioo palipobandikwa orodha ya vyakula na bei zake, akawa anashuka nayo kwa kidole mstari kwa mstari bila kusema neno, mpaka basi lilipokuja wakapanda. Ndani, kijana aliyenihudumia alikuwa mzaliwa wa pale. Alinieleza kila kilichokuwa katika sahani yangu, majani yale yametoka shamba gani na mchuzi ule umepikwa saa ngapi, kwa fahari ambayo sijaisahau mpaka leo. Chakula kilikuwa kizuri sana. Naomba msinielewe vibaya katika hili: kijana yule alipata kazi ya heshima na ujuzi wa kweli, na mtu anayesema kwamba maskini hahitaji chakula kizuri, anahitaji chakula tu, hajui anachokisema.

Shida yangu iko mahali pengine. Jiulizeni ni kwa nini watu 2,026 walitoa fedha zao. Kama mpishi huyo huyo angeomba afungue mgahawa katika mtaa wenye neema wa Pittsburgh, angeambiwa aende benki. Walitoa kwa sababu ya Braddock: kwa sababu ya nyumba zilizobomoka, kwa sababu ya hospitali iliyofungwa, kwa sababu ya watu waliopungua kutoka elfu ishirini hadi elfu mbili. Kwa lugha ya biashara, mtaji wa kwanza wa mradi ule ulikuwa shida ya mji na jina lake. Mpishi alileta ujuzi, meya alileta jengo bila kutoza kodi ya pango, wachangiaji walileta fedha, na mji ukaleta kile kilichozivuta fedha hizo. Wote wanne waliweka kitu mezani, lakini wa nne hakuandikwa popote. Braddock haikuwa na hisa, haikuwa na kiti katika uamuzi wa mgahawa ufunguliwe lini, na ulipofungwa haikuwa na dai lolote juu ya majiko, majokofu, wala ile sakafu iliyotengenezwa kwa michango.

Haki inataka niseme kwamba sheria ya wakati ule ilichangia. Mwaka 2014 raia wa kawaida wa Marekani hakuweza kununua hisa za biashara ndogo kupitia mtandao. Kanuni zilizoruhusu jambo hilo zilianza kutumika Mei 2016. Kickstarter ilikuwa, na bado ni, jukwaa la zawadi: unatoa fedha, unaahidiwa mlo au fulana, basi. Lakini sheria haikukataza mgahawa kumilikiwa na taasisi ya wakazi, wala haikukataza mkataba ulioandikwa kwamba vifaa vyote vilivyonunuliwa kwa michango vitakuwa mali ya mji iwapo biashara itasimama.

Na hii haikuwa mara ya kwanza mji ule kupewa zawadi ambayo haukuulizwa. Maktaba ya 1889 ilikuwa njema, na ipo hadi leo, lakini ilitolewa na tajiri ambaye miaka mitatu baadaye, mwaka 1892, kiwanda chake cha Homestead, ng'ambo ya mto, kilipunguza ujira na kuwafungia nje wafanyakazi hadi watu wakauawa. Mtu aliyesimama mbele ya tanuri kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku angesoma vitabu vyake saa ngapi? Mwaka 2010 kampuni ya Levi's ilitumia mitaa na sura za wakazi wa Braddock katika matangazo ya suruali zake, na kwa upande wake ikachangia kituo cha jamii. Mpiga picha LaToya Ruby Frazier, mzaliwa wa Braddock, alipinga hadharani kwa kujisugua barabarani jijini New York, mbele ya karakana ya kampuni hiyo, hadi suruali aliyovaa ikachanika, kwa sababu matangazo yale yalipendezesha mji katika mwaka uleule ambao wagonjwa wake walipoteza hospitali.

Nikirudi nyumbani: Pangani nayo ina jina na ina shida. Ilikuwa mlango wa misafara, ikapokonywa biashara na bandari ya Tanga na reli yake, ikaishi kwa mkonge na nazi, na bei ya mkonge ilipoanguka tangu katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu ya nyuzi za viwandani, mashamba yakageuka pori. Tukisimulia habari hii kwa ufundi, na picha ya magofu ya kando ya mto, fedha zitapatikana, sina wasiwasi. Ninachouliza ni kwamba, zikishapatikana kwa simulizi hiyo, zinakuwa za nani?

Mchangiaji kutoka Dodoma

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini naona umembebesha mpishi mzigo usiokuwa wake. Watu 2,026 ni watu wazima waliotoa fedha zao wenyewe kwa hiari. Hakuna aliyelazimishwa na hakuna aliyeibiwa. Mgahawa ulifunguliwa kama walivyoahidiwa, ingawa kwa kuchelewa, na yeyote aliyewahi kukarabati jengo la zamani anajua kwamba kuchelewa ni kawaida yake. Vijana walipata mishahara. Kisha ukaja ugonjwa uliofunga migahawa ya dunia nzima. Biashara kufa si dhambi, na aliyetoa zawadi akaanza kuidai hakutoa zawadi, alikopesha.

Tena nina hofu kwamba masharti mengi yatawakimbiza wale wachache walio tayari kuthubutu. Mji uliodorora hauna foleni ya wawekezaji mlangoni. Akija mmoja tukamwambia kwanza alete katiba, kamati na mkataba, atakwenda Bagamoyo, na sisi tutabaki na kanuni zetu safi na mtaa mtupu.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Dodoma, nakubali kwamba hakuna aliyeibiwa, na sijasema hivyo mahali popote. Nakubali pia kwamba zawadi haidaiwi. Lakini kuna tofauti kati ya zawadi niliyokupa wewe kwa sababu nakupenda na fedha ulizochangisha kwa jina la mtu mwingine. Mtu akipita nyumba kwa nyumba kuchangisha kwa ajili ya yatima, mtoaji hana haki ya kurudi kesho kudai shilingi yake, hilo ni kweli. Yatima, hata hivyo, ana haki kamili ya kuuliza kilichopatikana, na asipouliza yeye kwa udogo wake, watu wazima wanapaswa kumuulizia. Mimi sizungumzii haki ya mtoaji, nazungumzia haki ya yule aliyetajwa.

Kuhusu kuwakimbiza wanaothubutu, hoja yako ina uzito na imenisumbua tangu niliposoma. Mgahawa ni biashara ngumu, na mpishi anayefanya kazi chini ya kamati ya watu ishirini hataweza hata kubadili bei ya samaki bila kikao. Sitaki kamati jikoni. Ninachotaka ni kwamba vile visivyokwenda jikoni, yaani kiwanja, jengo na vifaa vizito, visiwe mali ya mtu binafsi vikiwa vimelipiwa kwa jina la umma.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalamu alaykum. Mnahangaika kutafuta jina la kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho. Kinaitwa wakfu. Mtu anatoa nyumba, kisima au minazi, anaiweka wakfu kwa ajili ya msikiti, mafukara au ukoo. Tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Anateuliwa msimamizi, naye kazi yake ni kuitunza na kupeleka mapato kule mwenye kuweka wakfu alikosema. Huku Unguja wakfu una kamisheni yake ya serikali, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu hadi leo. Wapo wasimamizi waliokula mali za wakfu, hilo sitalificha. Lakini aliyekula anajulikana kuwa amekula, kwa sababu kila mtu anajua mali ilikuwa ya nani.

Jengo la mgahawa wenu liwe wakfu kwa faida ya jambo linalojulikana, tuseme dawa za zahanati au madawati ya skuli. Mpishi awe mpangaji. Alipe kodi nafuu mwaka wa kwanza, ipande kadiri biashara inavyopanda, na faida yote ya jikoni iwe yake, halali yake. Akishindwa au akichoka, anaondoka na visu vyake na jina lake, na anaingia mwingine. Hapo sijaona ni nani amedhulumiwa.

Mchangiaji kutoka Mtwara

Naongeza mfano wa kwetu. Mikindani ilikuwa bandari iliyochangamka kabla ya Mtwara haijajengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita vya pili vya dunia. Bandari mpya ilipofunguliwa, Mikindani ikabaki na majumba ya matumbawe yanayoporomoka. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid na kugeuzwa hoteli yenye mgahawa, kwa makusudi ya kuwafunza vijana wa pale kazi za hoteli na kurudisha mapato katika jamii. Naupenda mpangilio ule kwa sababu moja: boma ni urithi wa taifa, halikugeuka kuwa mali ya mtu, kwa hiyo lolote litakaloipata biashara, paa lililotengenezwa linabaki juu ya mali ya umma. Lakini nawaambia pia kwamba hoteli moja haijawahi kuufufua mji mzima, na mwenye kuahidi hivyo anapochangisha anaahidi kisichowezekana. Aahidi ajira kumi na tano na paa zima. Hizo zinahesabika.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naomba niseme jambo ambalo wanaume hapa hamjaligusa. Mama yangu mzazi alinisomesha kwa kuuza chakula kivukoni Pangani. Aliamka saa tisa usiku, akakuna nazi tatu, akachemsha mihogo, na ilipofika saa kumi na mbili abiria wa kwanza wa kwenda Bweni walimkuta tayari ana chai ya rangi na maandazi, na mchana wali wa nazi na samaki. Alikuwa na mabenchi mawili na turubai. Alilipa ushuru kila siku. Hakuna aliyewahi kumchangia sahani hata moja.

Sasa mnasema mji hauna mahali pa kula pazuri, ndiyo maana mnachanga. Mahali pa kula papo, mama lishe wapo pale kumi au zaidi. Kisichokuwepo ni bomba la maji, choo, kivuli kisichovuja na mahali pa kuhifadhia samaki pasiharibike umeme unapokatika. Fedha za michango zikijenga mgahawa wenye feni na vitambaa vya meza, ukauza wali uleule kwa bei ya kawaida kwa sababu haulipi kodi ya pango, wa kwanza kuumia ni hawa. Wao hawana simulizi iliyoandikwa kwenye mtandao, lakini ndio wamelisha mji miaka yote ambayo sisi tulikuwa mbali. Nawauliza wanakamati: kabla ya kumtafuta mpishi kutoka Dar es Salaam au Ulaya, je, mmekwenda kivukoni kuwauliza hawa akina mama kama wangependa jiko moja kubwa la pamoja?

Mchangiaji kutoka Dodoma

Dada wa Tanga, hapo umenishika. Nilikuwa nikifikiri juu ya mji usio na kitu. Naondoa maneno yangu kuhusu mtaa mtupu.

Bado sikubaliani na mleta mada katika jambo moja ambalo amelipitia haraka, nalo ni punguzo kwa wenyeji. Ameliweka katika ahadi nzuri za Braddock, kisha amemchora mama yule akishuka na bei kwa kidole kana kwamba punguzo si kitu. Mimi naona punguzo ni ukiri wa wazi kwamba mwenyeji ana haki ya pekee.

Mleta mada

Ndugu wa Dodoma, umesoma hisia yangu hata pale nilipoificha. Nilipokuwa Braddock niliona punguzo lile kama huruma: mtu kuulizwa anakaa wapi kabla ya kujua atalipa kiasi gani, mbele ya wageni waliokuja na magari kutoka jijini. Lakini nikitafakari, sisi wenyewe tumezoea jambo hilo na hatuoni aibu. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo katika hifadhi za taifa kuliko mgeni, Saadani ikiwemo, na hakuna anayejiona kahurumiwa, kwa sababu anajua mbuga ni yake. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Punguzo kwa mwenye mali ni haki yake; punguzo hilo hilo kwa asiye na mali ni fadhila ya mwenye mali, na fadhila inaweza kuondolewa kesho asubuhi. Kwa hiyo nakubali punguzo, ila lije baada ya umiliki.

Dada wa Tanga, wewe umenifanya nione kosa katika hoja yangu yote. Nililalamika kwamba Braddock haikuulizwa, na mimi mwenyewe nimeandika maneno yote yale ya mwanzo bila kumtaja mtu mmoja anayepika Pangani leo. Nilikuwa nauliza mgahawa utakuwa wa nani, wala sikuuliza kama mgahawa ndio unaotakiwa. Kule Braddock hospitali iliondoka na wodi, ajira na kantini, na kilichochangiwa na umma kikarudi kilikuwa ni mahali pa kula, yaani sehemu ndogo kuliko zote ya kile kilichopotea, na ile ambayo ilimpendeza zaidi mtu wa mbali. Sitaki kulaumu wachangiaji. Mtu hutoa kwa kile anachoweza kukipiga picha akilini, na sahani hupigika picha kuliko wodi ya wazazi. Lakini sisi tunaochangisha tunaijua tabia hiyo, na tunaitumia. Kwa hiyo wajibu wa kwenda kuuliza ni wetu, si wa mtoaji.

Mchangiaji kutoka Unguja

Na muulize mapema, kabla ya mchoro wa jengo. Ukimletea mtu mchoro uliokamilika ukamuuliza maoni yake, unamuuliza rangi ya ukuta tu.

Mchangiaji kutoka Tanga

Pia muwaulize kwa wakati wao. Mkutano wa saa nne asubuhi mama lishe hahudhurii, yuko kwenye moto. Nendeni baada ya alasiri, vyombo vikishaoshwa.

Mleta mada

Wanajamvi, naleta mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu kwa faragha.

Nimezungumza na mwenyekiti wa kamati yetu kwa simu, karibu saa nzima. Mwanzoni alisikitika, akidhani napinga mradi kwa sababu ya mtu. Nikamsomea maneno ya dada wa Tanga kama yalivyoandikwa, akanyamaza, kisha akaniambia kwamba marehemu shangazi yake naye aliuza mihogo palepale kivukoni. Amekubali mambo matatu. Uchangishaji umesimamishwa, na fedha kidogo zilizokwisha kutumwa zitatangazwa kundini kwa jumla yake na kubaki benki bila kuguswa. Wazo la wakfu, au la chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, ambamo kila mwanachama ana kura moja bila kujali ametoa kiasi gani, litapelekwa kwa mwanasheria mwenyeji wa wilaya atushauri lipi linafaa zaidi kwa kiwanja chenyewe. Na neno "kuufufua mji" litaondolewa katika maombi yote ya michango, liandikwe kile hasa kitakachojengwa, kwa ajili ya watu wangapi, na kitakuwa mali ya nani siku kitakapofungwa.

La tatu hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Aliniuliza nani atachangia kitu ambacho tayari tunazungumzia kufungwa kwake. Nikamwambia mimi nitachangia, na nimemtajia kiasi.

Jumamosi hii wajumbe wawili wanakwenda kivukoni. Watakaa kwenye mabenchi, watakula na kulipa, na wakishamaliza wahudumu wao kuosha vyombo watauliza. Orodha ya maswali nimeomba iwe na swali moja tu, kwamba kama zingekuwepo fedha za kutengeneza jambo moja hapa, mngetaka litengenezwe lipi. Mmoja wa akina mama, ambaye mwenyekiti alimpigia kuomba nafasi, ameshajibu kabla ya siku yenyewe: jokofu la barafu la kutumia umeme wa jua, la pamoja, kwa sababu mwezi uliopita alimwaga ndoo mbili za changu.